Mlima Kasigau na Swali la Vita

Mtu atokaye Voi kwenda Taveta hupita Maktau, kisha Mbuyuni, kisha kilima cha Salaita. Ni njia ya makaburi. Pale Salaita, tarehe 12 Februari 1916, jeshi la Mwingereza lilikishambulia kilima kilichoshikwa na Wajerumani, likarudishwa nyuma. Wafalme wa pande zote mbili walikuwa Wakristo, na makanisani mwao aliombwa Mungu mmoja.

Mimi nilisoma chuoni, si kanisani, lakini swali hili limenishughulisha: Mkristo aruhusiwa kupigana? Wenyewe hawajapata kukubaliana, na mabishano yao yana mizizi Afrika. Mwaka 295 huko Tebessa, katika nchi iitwayo leo Algeria, kijana Maximilian aliletwa aandikwe askari wa Rumi. Akakataa; yeye Mkristo, hawezi. Akakatwa kichwa. Karne moja baadaye, si mbali na hapo, Askofu Augustino wa Hippo akafundisha kwamba vita vyaweza kuwa halali, iwapo vimeamriwa na mwenye mamlaka, kwa kuondoa dhuluma, pasipo uchu wa kisasi. Makanisa mengi yamemfuata Augustino. Kanisa la Marafiki, lililofika Kaimosi mwaka 1902, limeshika njia ya yule kijana.

Haya, tuyapime maneno hayo. Salaita askari alimkabili askari. Kasigau, mlima ulio kusini ya Voi, mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku watu wa huko kuwa wamewasaidia Wajerumani. Hawakumtafuta mwenye kosa. Nyumba zilitiwa moto. Wazee, wanawake na watoto wakahamishwa jumla hadi Malindi, na wengi wakafa uhamishoni. Fikiri, msomaji: mtu wa mlimani atupwe pwani penye homa!

Tumpe Augustino haki yake: mamlaka yalikuwapo, na sababu ilitajwa. Lakini kisasi je? Na mtoto wa Rukanga alikuwa askari wa nani? Sisi tulifundishwa usia wa Sayyidna Abubakar kwa jeshi lake, asiuawe mtoto, wala mwanamke, wala mzee, wala usikatwe mti wenye matunda. Wanazuoni wa Kikristo nao wana kanuni kama hiyo. Na Injili haikuwa ngeni Taita. Wamisheni walifika Sagalla, hapo karibu na Voi, mwaka 1883.

Wakasigau waliruhusiwa kurudi mlimani kwao miaka ya 1930. Mtoto aliyechukuliwa mgongoni siku ile ya moto, kama alipona, alirudi mtu mzima.