Tuwatembeze watoto wetu milimani Mbooni

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu sisi tuliosoma kwamba matembezi ya mashambani ni anasa ya Wazungu. Mzungu akionekana akipanda kilima na mkoba mgongoni, mkewe na watoto wakimfuata, hatumwulizi aendako. Twajua kwamba haendi kokote. Lakini mwalimu wa shule ya msingi akionekana Jumamosi akishuka bondeni na wanawe watatu, bila jembe, bila mtungi wala mbuzi wa kupeleka mnadani, majirani watamsimamisha na kumwuliza msiba uko wapi.

Lugha yenyewe ina sehemu yake katika lawama hii. Kitenzi "kutembea" kwa Waswahili wa pwani kilikuwa na maana ya kwenda huku na huku kwa raha, kupunga upepo, kuwazuru watu. Sisi wa bara tulipokipokea tulikivua raha yote tukabakisha miguu mitupu. Leo mtoto wa Ukambani akisema "nilitembea", aghalabu ana maana kwamba nauli ilikosekana. Ndiyo maana methali isemayo mtembezi hula miguu yake tunaifundisha darasani kama onyo, ilhali mtu anaweza pia kuisoma kama sifa.

Nataka kuzungumzia mahali pamoja ambapo raha hiyo inaweza kurudishwa kwa gharama ndogo, nako ni Kikima, mji mdogo ulio juu ya milima ya Mbooni katika kaunti ya Makueni. Walimu wengi wanaosoma ukurasa huu wamefundisha huko au wamepita wakisimamia mitihani. Wengine ni wenyeji waliohamia Nairobi na ambao hurudi kila Desemba. Hao hupanda mlima kwa gari, hukaa siku nne wakila nyama, kisha huteremka kwa gari. Watoto wao hurudi mjini wakiwa wamemwona nyanya, televisheni ya nyanya, na sehemu ya kuegeshea magari.

Waama kuna mengi ya kuonwa. Jina lenyewe ni somo. Mboo ni nyati kwa Kikamba, kwa hivyo Mbooni ni kwenye nyati, hata kama nyati wa mwisho alitoweka zamani. Mapokeo ya Wakamba, pamoja na wanahistoria walioyachunguza, yanaitaja milima hii kuwa ndipo mababu walipotulia na kulima baada ya kupitia Nzaui, kabla ya baadhi yao kuvuka mto Athi na kusambaa hadi Kitui. Mtoto Mkamba anayesimama juu ya mgongo wa mlima hapo Kikima amesimama kwenye jikoni ya ukoo wake. Siku anga likiwa safi ataiona milima ya Kilungu upande mmoja, na upande wa mashariki ardhi ikiteremka kuelekea Athi, ambako ng'ambo yake umelala uwanda wa Yatta, mtiririko wa lava iliyoganda wenye urefu wa takriban kilomita 300, miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Tunawafundisha kuhusu volkano za Italia kabla ya kuwaonyesha hii.

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, mimi huanza matembezi na maneno. Njia kwa Kikamba ni nzia. Njaa ni nzaa. Nchi ni nthi, na mchanga una ndugu yake anayeitwa muthanga. Mtoto wa miaka minane akipewa jozi hizi nne atagundua mwenyewe, bila ya kutajiwa neno fonolojia, kwamba pale Mswahili anaposema "nj" Mkamba husema "nz", na pale Mswahili anapotumia "ch" katika maneno haya Mkamba ana "th". Baada ya hapo hamtampata tena akidhani kwamba Kikamba ni Kiswahili kilichoharibika, fikra ambayo nimeisikia hata kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Atajua kuwa lugha hizi mbili ni dada, kila mmoja na nyumba yake.

Tena angalieni hili. Muthanga wa Kikamba ni udongo. Mchanga wa mtoni una jina lake, kithangathi. Mswahili ana mchanga wa ufukweni na udongo wa shambani. Neno moja limegawana kazi mbili katika nchi mbili, mmoja akiishi kando ya bahari na mwingine akiishi kwa jembe. Sijui darasa gani lingelifafanua jambo hili vizuri zaidi ya dakika kumi za kushuka mtelemko wenye matuta.

Matuta nayo yana habari yake. Miteremko yote ya Mbooni imekatwa ngazi ngazi, na mgeni hudhani kwamba Mungu ndiye aliyeiumba hivyo. Aina moja mashuhuri huitwa "fanya juu": mkulima huchimba mtaro akiufuata mkingamo wa mlima, na udongo huutupa upande wa juu, mvua baada ya mvua, udongo unaoshuka huzuiliwa na tuta hilo mpaka mteremko ugeuke kuwa jukwaa. Jina hili la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza duniani kote bila kutafsiriwa. Nimewauliza watoto wengi wa Ukambani kama wanalijua; wengi walidhani ninawaamuru kitu.

Kazi hiyo haikuanza kwa hiari. Wakoloni waliwalazimisha watu kuchimba mitaro, na ukali wao kuhusu ardhi na mifugo uliwachosha Wakamba hata mwaka 1938 maelfu wakaenda Nairobi kumlalamikia gavana kwa sababu ya ng'ombe wao kunyang'anywa na kuuzwa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu. Hata hivyo watu hawa hawa baadaye walichimba kwa hiari yao, katika vikundi vya mwethya, kina mama wakiwa wengi. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, wakionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 idadi ya watu iliongezeka takriban mara tano ilhali mmomonyoko ulipungua. Wataalamu wamebishana kuhusu kitabu hicho, na wana haki, maana si kila familia ilifaidika. Lakini mtoto anayepanda matuta hayo kwa miguu yake atakuwa na la kusema katika mjadala huo.

Sasa kuhusu njia zenyewe. Kosa la wazazi wengi ni kusahau kwamba Kikima iko juu. Milima mingine huanza na kupanda na kumalizika na kushuka. Hapa matembezi huanza na mteremko mtamu, watoto wakikimbia na kucheka, na deni hulipwa saa sita za mchana jua likiwa utosini. Kwa mtoto aliye chini ya miaka saba, mteremko wa nusu saa watosha kabisa. Wakubwa wanaweza kushuka zaidi, mradi mmalizie barabarani ambapo matatu au bodaboda itawarudisha. Ondokeni saa moja asubuhi. Aprili na Novemba vijia huteleza. Agosti ukungu hukaa juu ya mlima asubuhi na watoto huhitaji sweta, jambo ambalo watu wa Nairobi hawaliamini kuhusu Ukambani.

Ukishuka kutoka juu kwenda chini unapita nchi mbili. Juu kuna mikaratusi, migrevilea, kahawa na miparachichi. Chini miiba inaanza, miembe inachukua nafasi, na vijito vilivyokuwa vikiimba mlimani vinanyamaza na kuingia mchangani. Maji hayo huishia mto Thwake, na Thwake huingia Athi, pale ambapo ujenzi wa bwawa kubwa ulianza mwaka 2018. Athi nao hauendi baharini kwa jina hilo. Ukiisha kukutana na mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki, ukamwagika kaskazini mwa Malindi. Binti yangu aliposikia hivyo alidondosha jani kijitoni na kuuliza kama nalo litabadilishwa jina njiani. Nimesoma tasnifu zenye maswali hafifu kuliko hilo.

Kwenye mto wa mchanga ndiko ninakopenda kukaa na watoto muda mrefu. Mgeni huuona mto mkavu na kusikitika. Mwenyeji huchimba kwa kata, akangoja, na maji safi yakajitokeza. Siku moja tulimkuta bibi mmoja akiteka hivyo, nami nikamwamkia nikamwomba awaeleze watoto. Akamwambia mdogo wao, "Mjukuu wangu, mto haukufa. Umejifunika ili jua lisiunywe." Wahandisi hawana maelezo bora. Hujenga ukuta wa mawe na saruji kukinga mto mahali penye mwamba, mafuriko ya misimu kadhaa huujaza mchanga nyuma yake, na katikati ya chembe za mchanga maji hukaa miezi mingi bila kukaushwa na jua. Kuta za namna hiyo ni nyingi sana Makueni, Machakos na Kitui kuliko kwingi duniani, na si chache zilizojengwa na vikundi vya wakulima wenyewe.

Lakini mchanga huo huo ndio unaotakiwa na wajenzi wa Nairobi. Lori likiisha kuuchota mto, bibi yule hana pa kuchimba. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga, na hilo ni la kupongezwa. Ila sheria hailindwi na karatasi. Hulindwa na watu wanaojua mto ulivyokuwa mwaka jana, na hakuna ajuaye isipokuwa aupitiaye kwa miguu.

Onyo moja halina mzaha. Mto wa mchanga unaweza kujaa chini ya jua kali, kwa sababu mvua imenyesha mlimani msikokuona. Mnamo tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu huko Mwingi, kaunti ya Kitui, na zaidi ya watu 30 wakafa. Kwa hivyo wakati wa masika na vuli msiketi katikati ya mchanga, na maji yakifika hata kwenye kifundo cha mguu yakiwa na rangi ya udongo, rudini mlikotoka.

Kuna hatari nyingine ya polepole. Vijia vya Mbooni havimo katika ramani za mashamba. Vimekuwako kwa sababu babu wa huyu alimruhusu babu wa yule kupita akienda kisimani au kanisani. Sasa hatimiliki zimetolewa, mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu, na ua wa waya unafuata. Uingereza njia za miguu zipitazo katika mashamba ya watu zimeandikishwa kisheria, na sheria ya mwaka 1949 iliziamuru serikali za kaunti kuzichora katika ramani. Kwetu, kanuni za maji zinatenga ukanda usiopungua mita 6 kandokando ya mto, lakini mahali pengi niliposhuka nilikuta sukumawiki imepandwa hadi ukingoni. Simlaumu mwenye nusu ekari. Nasema tu kwamba njia isiyopitwa haina wa kuitetea siku ya kufungwa.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 tumekuwa tukiambiwa kwamba mtoto wa madarasa matatu ya kwanza afundishwe kwa lugha ya mazingira yake, na mtaala wa sasa umelipa somo hilo nafasi. Vitabu ni haba. Wengi wenu mmenieleza hivyo. Basi chukueni daftari moja kwa darasa zima. Kila Ijumaa ya jua tokeni nao nusu saa kwenye njia iliyo karibu na shule, mkiwa na mzee mmoja wa kijiji, mkaandike jina la kila mti, kila kijito, kila jiwe lenye jina, kwa Kikamba upande wa kushoto na kwa Kiswahili upande wa kulia. Mkuyu utauona mara moja pande zote mbili, mukuyu na mkuyu. Miti mingine itakosa jina upande wa kulia, na hapo mwacheni mtoto abuni. Wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza watokao huko nimewapa kazi hiyo hiyo kwa likizo ya Desemba, na daftari zao nitazisahihisha Januari.