Wasia Kabla ya Kupaa

Jumanne ya tarehe 10 Juni 2008, ndege ndogo ya injini moja aina ya Cessna 210 iliondoka Nairobi kuelekea Kericho, nchi ya majani ya chai. Ndani yake walikuwamo Waziri wa Barabara, Kipkalya Kones, Mbunge wa Bomet. Waziri Msaidizi Lorna Laboso, Mbunge wa Sotik. Rubani wao na askari mlinzi. Kesho yake ilikuwa siku ya uchaguzi mdogo wa Ainamoi. Kericho hawakuifika. Ndege ilianguka Enoosupukia, upande wa Narok, na wote wanne wakafariki.

Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura Luqman kwamba hakuna nafsi ijuayo itafia ardhi gani. Nasi watu wa Pwani husema ajali haina kinga, kisha tukanyamaza, kana kwamba methali hiyo imetuondolea wajibu.

Natuwatazame marubani. Ndege ile ya 2008 ilianguka ikiwa njiani, lakini kwa ndege ya injini moja, mojawapo ya nyakati za hatari kubwa ni pale inapopaa. Injini ikipoteza nguvu wakati huo, ndege ingali chini na kasi yake ni ndogo. Moyo humvuta rubani ageuke arudi uwanjani alikotoka. Lakini akikata kona kali, mbawa hushindwa kuibeba ndege, nayo huanguka. Kwa hivyo hufundishwa ashushe pua ya ndege, ailinde kasi, na atue mbele yake, iwe ni shambani au uwandani. Na katika nyanda za chai, yapata mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini za kawaida hutoa nguvu pungufu kuliko huku kwetu Mombasa. Kwa kuwa nafasi ya kufikiri ni sekunde chache tu, rubani makini huyaamua haya yote angali ardhini, kabla magurudumu hayajaanza kuviringika.

Je, sisi majumbani mwetu tumeamua nini? Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu aliye na kitu cha kuusia haifai zimpitie siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Lakini ni wangapi miongoni mwetu husafiri kila mwezi, na wake zetu hawajui tunadaiwa na nani, wala hati ya nyumba imewekwa wapi? Siku tukiondoka, mjane yumo edani miezi minne na siku kumi, na wadai wamesimama mlangoni.

Ndugu zetu, kalamu na karatasi vyatosha kuanzia. Tuandike madeni yetu na amana za watu tulizoshika, kwani deni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Wasia wa mali usizidi thuluthi, wala usielekezwe kwa mrithi bila ridhaa ya warithi wenziwe. Tuweke mashahidi wawili waadilifu. Nanyi akina mama, jambo hili si la waume peke yao: andikeni dhahabu zenu ziko wapi, na zamu yenu ya mchezo ni lini. Kutaja mauti si kuyaita.

Mnamo Septemba 2008, wananchi wa Bomet walimchagua Beatrice Kones, mjane wa marehemu, na wale wa Sotik wakamchagua Joyce Laboso, dada wa marehemu Lorna. Viti vya Bunge vilipata watu kabla ya miezi minne kutimia. Lakini mahali pa baba au mama kwenye mkeka wa chakula hapana uchaguzi mdogo. Tunaloweza ni kutowaachia watoto ugomvi juu ya msiba.

Basi leo baada ya Isha, kabla ya kulala, tukae na wenzetu tuandike. Mwenyezi Mungu atuongoze katika safari zetu na atujaalie khatima njema. Amin.