Ujuzi Sahihi Huanza kwa Kulitambua Pengo

Na Mwandishi Wetu

Gari linapofikishwa gereji huku taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, mafundi wawili wanaweza kulishughulikia kwa namna mbili tofauti. Wa kwanza hubadilisha plagi. Taa isipozimika, hubadilisha kipuri kingine, na gharama ya kila jaribio humwangukia mwenye gari. Wa pili huunganisha kifaa cha kusoma hitilafu, kisha hupima sensa na nyaya zinazohusika kabla ya kununua chochote. Wote wana bidii, na huenda wa kwanza ndiye mwenye uzoefu mrefu zaidi. Kinachowatofautisha ni ujuzi unaolingana na kazi iliyo mbele yao.

Hata hivyo, kumrudisha fundi huyo wa kwanza darasani ili ajifunze upya kufungua injini ni kumpotezea muda na kipato. Anachokosa ni sehemu moja tu ya kazi yake, nayo ni mifumo ya umeme na elektroniki ya magari ya kisasa.

Hiyo ndiyo mantiki ya urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, unaotekelezwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya mwaka 1994. Fundi aliyejifunzia kazini, awe seremala, mwashi, mpishi au fundi magari, hufanyiwa tathmini ya kile anachokiweza kwa vitendo. Mapungufu yanayobainika hujazwa kwa mafunzo mafupi, na anapofikia kiwango kinachotakiwa hutunukiwa cheti. Cheti hicho humwezesha kuthibitisha uwezo wake mbele ya mwajiri au mteja asiyemfahamu.

Faida ya ujuzi wa namna hii haiishii kwenye kasi ya kazi, kwani ubunifu nao huzaliwa hapo. Fundi anayejua chanzo cha hitilafu huweza kugundua kuwa magari yanayopita barabara mbovu hurudi na tatizo lilelile la nyaya kusuguana na chuma. Badala ya kusubiri zikatike tena, huzifunika na kuzipitisha mahali salama. Anayebahatisha hawezi kufika huko, kwa kuwa hata gari linapopona hajui kilicholiponya.

Kwa upande wa waajiri, wale wanaostahili kulipa tozo ya kuendeleza ujuzi tayari wanachangia gharama za mafunzo nchini. Kiwango cha tozo hiyo kilipunguzwa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi katika mwaka wa fedha 2023/24. Pamoja na mchango huo, mwajiri anabaki na wajibu wa kujiuliza maswali matatu kabla ya kumpeleka mfanyakazi mafunzoni: ni kazi gani inayokwama, ni ujuzi upi unaokosekana, na je, akirejea atakuta vifaa vya kutumia alichojifunza?

Swali la mwisho husahaulika mara nyingi. Fundi aliyefundishwa kusoma hitilafu kwa kifaa, kisha akarudi kwenye gereji isiyo na kifaa hicho, atalazimika kubahatisha kama awali. Elimu ni bahari, lakini mfanyakazi hufaidika zaidi anapochota kile ambacho kazi yake inakihitaji.