Hita Yako Ikiitwa Irudishwe, Nani Atakupata?

Baridi ya Julai haina mchezo. Ukiwa Limuru, Nyahururu, Kinangop au hata hapa Nairobi, unaamka asubuhi na wazo ni moja tu: leo lazima ninunue hita.

Mwenzetu mmoja ofisini alifanya hivyo. Aliona hita ya umeme mtandaoni, bei poa, akatuma pesa kwa simu na mtu wa boda akamletea jioni hiyo hiyo. Wiki ya tatu, usiku, akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Plagi ilikuwa imeyeyuka na kushikana na soketi. Watoto walikuwa wamelala chumba hicho hicho.

Bahati nzuri aliamka. Asubuhi akaanza kumtafuta muuzaji, na hapo ndipo shida ilipoanza. Meseji ya malipo alikuwa ameifuta. Sanduku lilishatupwa. Risiti hakupewa. Pesa alituma kwa nambari ya mtu binafsi, na nambari yenyewe haipatikani tena. Kama hitilafu ilikuwa ya hita au ya soketi, hakupata mtu wa kumuuliza. Na kama ni hita, wengine walionunua kama hiyo labda bado wanaziwasha.

Ndiyo maana leo tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalisikia kwa magari tu: bidhaa kuitwa irudishwe.

Mwito wa kurudisha ni nini?

Kampuni ikigundua kwamba kitu ilichokwisha kuuza ni hatari, inatangaza: acheni kukitumia, tutawarudishia pesa, tutawapa kingine au tutakitengeneza. Mfano mzuri ni wa Marekani. Mwaka 2018 kampuni ya Vornado iliita hita zake ndogo aina ya VH101, takriban 350,000, kwa sababu zingeweza kupata joto kupita kiasi na kuwasha moto. Wateja waliambiwa wazime mara moja, kisha wachague: pesa zote zirudi au wapewe hita nyingine bure.

Utasema, hiyo ni ya Marekani, inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu hita nyingi tunazotumia zinatoka nje, na zingine ni mitumba ya umeme, zile tunaziita "ex-UK". Hita inaweza kuvuka bahari ikaja kuuzwa hapa, lakini tangazo la kuirudisha halipandi meli pamoja nayo. Hakuna atakayebisha hodi kwako. Itabidi uitafute taarifa mwenyewe, au muuzaji ajue pa kukupata.

Meseji yako inajua nini?

Hapa tuwe wakweli. Ukilipa kupitia simu, rekodi inaonyesha ulimlipa nani, lini na pesa ngapi. Haionyeshi ulinunua nini. Sisi hatujui kama zile shilingi zilikuwa za hita, viatu au nyama choma. Kwa hivyo meseji peke yake ni nusu ya ushahidi. Nusu ya pili uko nayo wewe.

Fanya hivi:

1. Lipa kwa till ya biashara, si kwa nambari ya mtu. Ukilipa till, jina la biashara linabaki kwenye meseji. Kama muuzaji anasisitiza utume kwa nambari yake binafsi, jiulize kwa nini.

2. Kabla hujalipa, angalia alama ya KEBS. Bidhaa zilizoagizwa kutoka nje zinafaa kuwa na stika ya ISM. Usinunue hita isiyo na jina la kampuni wala nambari ya modeli.

3. Siku hiyo hiyo piga picha ya kibandiko kilicho nyuma au chini ya hita. Hapo pana jina la kampuni, nambari ya modeli, wati, na mara nyingi nambari ya kipekee ya kifaa hicho.

4. Weka picha hiyo pamoja na skrinishoti ya meseji ya malipo. Jitumie kwa WhatsApp au barua pepe, ili hata simu ikipotea usipoteze kila kitu.

5. Umefuta meseji? Usijali. Omba taarifa ya akaunti yako kwa kipindi kile. Muamala bado upo, pamoja na nambari yake.

Ukishapata nambari ya modeli, itafute mtandaoni pamoja na neno "recall". Shirika la OECD lina tovuti ya GlobalRecalls inayokusanya matangazo kutoka nchi nyingi. Ni kazi ya dakika tano, fanya kabla baridi haijakolea.

Na kama kuna shida?

Zima, chomoa, usijaribu "mara ya mwisho tu". Usimpe jirani wala kuiuza, maana utakuwa umempa mwingine hatari yako. Mpigie muuzaji ukiwa na picha na nambari ya muamala. Akikukwepa, peleka malalamiko KEBS au kwa Mamlaka ya Ushindani. Si kuomba msaada huko: Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa bora, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia akiumizwa na kasoro.

Lakini jihadhari na matapeli. Wakisikia watu wanarudishiwa pesa, nao wanaingia kazini. Mtu akikupigia akisema, "Hita yako imeitwa, tupe PIN tukurudishie pesa," kata simu. Kupokea pesa hakuhitaji PIN. Pia hakuna sababu ya kutuma "ada ndogo" kwanza. Sisi hatutakuuliza PIN yako kamwe, hata kwa hita, hata kwa kitu kingine.

Hata hita nzima inaweza kuunguza

Hita ya wati 2,000 inavuta zaidi ya ampea 8 kwa stima yetu ya volti 240. Ekstensheni ya bei rahisi yenye waya mwembamba inapata joto chini ya zulia bila wewe kujua. Chomeka moja kwa moja ukutani, iwe mbali na pazia na matandiko, na uizime kabla ya kulala. Hata tokeni zitashukuru: hita hiyo ikiwaka saa nne mfululizo inakula unit nane. Na tafadhali usirudi kwa jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu ya kukuamsha.

Mwenzetu alinunua hita nyingine. Safari hii alilipa till, akapiga picha ya kibandiko kabla hata ya kuiwasha. Picha iko kwenye simu yake na ya mkewe. Yako je? Kama hita iko hapo karibu na wewe, igeuze sasa na uipige picha.