Sam Ntiro: Mchoraji na Mwalimu wa Sanaa

Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ni miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki waliosomea uchoraji katika chuo cha elimu ya juu na kisha wakaufundisha. Katika miaka ya 1940 alisoma Makerere, Kampala, ambako Mwingereza Margaret Trowell alikuwa ameanzisha shule ya sanaa, na baadaye akawa mwalimu hapo pamoja na Gregory Maloba wa magharibi mwa Kenya, mchongaji wa Mnara wa Uhuru uliosimamishwa Kampala mwaka 1962.

Trowell hakupenda kumwekea mwanafunzi kitu cha kunakili, bali alimsimulia tukio mpaka aliwaze na kuliona akilini, ndipo ashike brashi. Ntiro aliishika njia hiyo maisha yake yote. Katika picha zake za rangi za mafuta, yaani rangi zilizosagwa na kuchanganywa na mafuta ya mimea, wanakijiji wengi hulima, huvuna na kujenga kwa pamoja katikati ya migomba, wala hakuna anayekuzwa kuliko mwenzake. Alichora kwa kukumbuka, na hakujifunga na pespektivu, ambayo ni kanuni ya kupunguza ukubwa wa vitu vya mbali ili picha ionekane ina kina.

Kati ya mwaka 1952 na 1955 alisoma katika chuo cha sanaa cha Slade, London, lakini masomo hayo hayakumwondoa katika mkondo wake. Picha aliyoichora mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 aliteuliwa kuwa balozi wake mjini London hadi 1964, kisha akasimamia masuala ya utamaduni serikalini na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Funzo la Ntiro linaihusu moja kwa moja shule yoyote ya Katito na Nyakach nzima, nchini Kenya, ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria, ambalo linapakana pia na Uganda alikosomea. Mtoto anayelijua soko la Katito, Mto Sondu na kazi ya wavuvi wanaovuta nyavu ana mada ya kutosha, hata kama shule yake haina rangi za bei ghali. Mwalimu asimpe picha ya kigeni ainakili; amwombe achore kazi za watu wa kwao, kwa maana ndizo zilizomfikisha Ntiro New York.