COBOL: Lugha kongwe ya kompyuta, iboreshwe au iachwe?

APRILI 2020, wakati janga la corona likiwaacha mamilioni ya Wamarekani bila kazi, Gavana wa jimbo la New Jersey, Phil Murphy, alitoa ombi lisilo la kawaida. Alihitaji watu wa kujitolea wanaoifahamu COBOL, lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959.

Mifumo ya jimbo hilo inayoshughulikia malipo ya wasio na ajira ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40, na maombi yalikuwa yamefurika. Ombi hilo lilifufua mjadala wa siku nyingi: lugha hiyo iboreshwe, au iachwe kabisa?

COBOL ilibuniwa kwa ajili ya shughuli za biashara na serikali. Maagizo yake hufanana na sentensi za kawaida za Kiingereza, na hesabu zake za fedha hufanywa kwa desimali kamili, senti kwa senti. Lugha nyingi zilizofuata, zisipoelekezwa vinginevyo, huhifadhi desimali kwa kukadiria. Ndiyo maana benki, kampuni za bima na idara za serikali, hasa nchini Marekani, bado zinaitegemea.

Wanaotaka iachwe wana hoja nzito. Wengi waliozijenga programu hizo wamestaafu au wamefariki dunia, vyuo vingi haviifundishi tena, na mara nyingi hakuna maelezo yanayoonyesha kwa nini programu iliandikwa ilivyoandikwa.

Hata hivyo, kuhama ni kazi ghali. Commonwealth Bank ya Australia ilipobadilisha mfumo wake mkuu, ilitumia takriban miaka mitano na zaidi ya dola za Australia bilioni 1.

Hatari ya kuhama, hata pale ambapo suala si lugha, ilidhihirika Uingereza Aprili 2018. Benki ya TSB ilipohamishia wateja kwenye mfumo mpya, hadi wateja milioni 1.9 walishindwa kuzifikia akaunti zao. Desemba 2022 ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65.

Wanaotetea uboreshaji wanakumbusha kuwa kanuni rasmi za COBOL zimehuishwa mara kadhaa, ikiwamo mwaka 2002, 2014 na 2023. Aidha, mwanahistoria wa kompyuta Mar Hicks aliandika mwaka 2020 kwamba kilichokwama New Jersey ni tovuti ya kupokea maombi, iliyoandikwa kwa Java, lugha changa zaidi.

Kati ya pande hizo ipo njia ya tatu: kuhamisha sehemu moja baada ya nyingine, programu mpya ikiendeshwa sambamba na ya zamani hadi majibu yalingane.

Njia zote hizo zinahitaji watu wanaoweza kuisoma COBOL. Ndani ya programu hizo zimo kanuni za kodi, riba na pensheni zilizoongezwa kwa miongo kadhaa, na asiyeweza kuzisoma hawezi kuziboresha wala kuzihamisha salama. Kanuni moja ikisahaulika, atakayeumia ni mstaafu anayesubiri malipo yake ya mwezi.