Ndege Ambazo Rada ya Mwanza Haizioni

Januari 29, 2016, katika Pori la Akiba Maswa mkoani Simiyu, majangili wa tembo waliifyatulia risasi helikopta ya doria iliyokuwa ikiwasaka. Rubani wake, Mwingereza Roger Gower, alifariki. Kifo hicho kinanikumbusha mjadala wa kuzilazimisha ndege kutangaza mahali zilipo: huishia kwenye viwanja vikubwa vya ndege, ilhali utamu na uchungu wake unaonekana zaidi huku kwetu Simiyu, Migato na Bariadi.

Chombo cha kutangazia kinaitwa ADS-B. Ndege hupata mahali ilipo kwa setilaiti za GPS, kisha kila sekunde hivi hurusha hewani utambulisho, kimo na mwendo wake. Mwenye kipokezi anaiona, awe mwongoza ndege au rubani mwenzake. Marekani ilikifanya cha lazima katika sehemu kubwa ya anga lake lenye shughuli nyingi kuanzia Januari 1, 2020.

Tanzania ilitia saini mwaka 2017 mkataba wa rada nne: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Lakini rada huona kwa mstari ulionyooka, na dunia ni duara. Ndege iliyo futi 1,000 juu ya ardhi tambarare huipotea rada ikifika kilomita 70 hivi. Kutoka Mwanza hadi Bariadi, hata kwa njia ya angani, ni zaidi ya kilomita 100. Kwa hiyo ndege kubwa ipitayo futi 30,000 juu ya Migato inaonekana vizuri. Isiyoonekana ni ile ndogo ya watalii wa Serengeti, ya daktari, au ya doria. Kituo cha kupokea ADS-B ni antena na kompyuta tu. Kikifungwa kilimani kinaziba pengo hilo kwa sehemu ndogo ya bei ya rada.

Na bei za rada tunazijua. Ile tuliyonunua kwa kampuni ya BAE ilitugharimu pauni milioni 28, na baada ya kashfa ya ununuzi huo kampuni hiyo ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 zilizoelekezwa kwenye elimu. Ndiyo maana mwenye Cessna moja akiuliza ni nani anayenufaika na kifaa cha maelfu ya dola anacholazimishwa kununua, asibezwe.

Lawama nyingine ni nzito zaidi. GPS ikivurugwa, ndege inaweza kutangaza uongo. Tena matangazo hayo hayana siri: jangili mwenye kipokezi cha bei rahisi anaweza kujua doria iko wapi. Hata hivyo kuyazima nako kuna gharama yake. Januari 2025, jijini Washington, helikopta ya jeshi isiyorusha ADS-B iligongana na ndege ya abiria, wakafa watu 67.

Kwa maoni yangu, ndege yoyote inayobeba abiria kwa malipo ilazimishwe bila msamaha. Wenye ndege ndogo wachangiwe gharama, kama Australia ilivyofanya kwa kurejesha hadi nusu ya bei. Ndege za doria pekee ziruhusiwe kunyamaza zikiwa ndani ya pori, kwa sharti kwamba mwongoza ndege ameambiwa zilipo na marubani wengine wameonywa wasiingie eneo hilo.